Likizo ya Karibu: Jinsi Mkazi wa Dar es Salaam Anavyoweza Kupumzika Bila Kusafiri Mbali

Mfanyakazi wa Dar es Salaam akisema amepata likizo, swali linalofuata huwa moja: "Unasafiri lini?" Akijibu kwamba hasafiri, watu humpa pole. Tumezoea kwamba likizo ni safari ya kijijini, iwe Rombo, Bukoba, Mbinga au Newala, na asiyefika stendi ya Magufuli pale Mbezi na mabegi yake hahesabiwi kuwa amepumzika.

Safari ya kijijini ni jambo jema na makala haya hayaipingi. Wazee wanahitaji kuonwa, na watoto wanahitaji kujua babu yao alizikwa wapi. Lakini familia ya watu watano ikijumlisha nauli ya kwenda na kurudi, zawadi za ndugu na michango inayowasubiri huko, mara nyingi hukuta kwamba safari hiyo haiwezekani kila mwaka. Miaka inayobaki, likizo huliwa na shughuli ndogondogo za mjini. Siku zinaisha, mtu anarudi kazini amechoka vilevile, na watoto hawana cha kusimulia shuleni.

Likizo ya karibu na nyumbani inapumzisha kweli, ila kwa sharti moja: uipange kwa uzito uleule ambao ungeipangia safari ya Bukoba. Iwe na tarehe, iwe na fedha zilizotengwa, iwe na saa ya kuondoka nyumbani, na watu wajue kwamba hupo. Mifano yangu ni ya Dar es Salaam na viunga vyake, mji wenye mambo mengi ambayo wakazi wake huyasikia tu kwa wageni waliotoka mbali kuja kuyaona.

Siku zako ni ngapi

Anza na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa miezi 12. Sikukuu za kitaifa zinazoangukia ndani ya siku hizo zinahesabiwa humohumo. Kwa majirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21.

Kuna kipengele kingine ambacho wafanyakazi wengi hawakijui. Sheria yetu inamkataza mwajiri kumtaka mfanyakazi, au hata kumruhusu, amfanyie kazi akiwa katika likizo ya mwaka. Ripoti inayoombwa "mara moja tu" kwenye kundi la WhatsApp la ofisini ni kazi. Njia ya amani ni kukabidhi majukumu kwa maandishi siku mbili tatu kabla ya kuondoka, ukitaja nani anashika nini na faili liko wapi, kisha ukazima arifa za kundi hilo. Asiyekabidhi kazi vizuri atatafutwa, na hapo lawama haitakuwa ya bosi peke yake.

Aliyejiajiri hana sheria ya kumpa siku. Mama lishe, fundi cherehani au dereva wa bodaboda akikaa bila kazi siku moja, siku hiyo haina kipato. Kwake, siku mbili au tatu katikati ya wiki, katika mwezi ambao biashara imelegea, zinatosha kuanzia. Awatangazie wateja mapema na abandike karatasi mlangoni yenye tarehe ya kurudi. Wateja huvumilia fundi anayesema ukweli kuliko anayepotea bila taarifa.

Ondoka, hata kama unarudi kulala kwako

Adui mkubwa wa likizo ya karibu ni maneno matatu: "Si upo likizo?" Yakishatamkwa, utafuatilia hati ya kiwanja, utampeleka shangazi kliniki Muhimbili, utasimamia fundi anayepiga plasta, na jioni utawekwa kwenye kamati ya harusi. Yote hayo ni mambo ya lazima katika maisha yetu na sishauri mtu ayakimbie. Ninachoshauri ni kuyatenga. Chukua siku za mwanzo za likizo, umalize shughuli zote zinazohitaji kupanga foleni. Baada ya hapo funga mlango. Waambie ndugu na majirani kwamba kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hampatikani mchana, na iwe kweli: saa moja asubuhi muwe mmetoka.

Jambo la pili ni jiko, na hapa nasema na akina baba hasa. Familia ikibaki nyumbani mchana kutwa, milo inaongezeka, vyombo vinaongezeka, na wageni wanaopita kusalimia wanaongezeka. Mama wa nyumba anafanya kazi maradufu halafu anaambiwa familia ilikuwa likizo. Mapumziko ambayo mtu mmoja anayalipia kwa jasho si mapumziko ya familia. Katika bajeti, chakula cha mchana cha nje kiwe cha kwanza kuandikwa, hata kama ni wali maharage kwa mama lishe. Siku ambayo mtabeba chakula, kipikwe usiku na watu wote: mmoja achambue mchele wa pilau, mwingine akande chapati, watoto wakubwa waoshe vyombo. Na dada wa kazi, kama yupo, naye apewe siku zake za kwenda kwao. Ana mama yake, na mara nyingi hajamwona muda mrefu.

Kuhusu pesa, kinachowashinda wengi ni kudhani kwamba kwa kuwa hawasafiri hawahitaji bajeti. Matokeo yake ni elfu kumi leo, elfu ishirini kesho, na mwisho wa wiki hakuna kilichofanyika na hela imekwisha. Piga hesabu ya nauli ambayo mngetumia kwenda kijijini, kwenda tu bila kurudi. Kiasi hicho, kikiwekwa kidogokidogo kwenye kibubu tangu miezi sita kabla, kinatosha familia kuzunguka wiki nzima Dar es Salaam na mkoa wa Pwani kwa usafiri wa daladala. Kwenye vivutio vya serikali Mtanzania hulipa kiingilio kidogo sana kuliko mgeni wa kutoka nje, hivyo beba kitambulisho cha NIDA au cha kazi. Na usimpe mtu pesa mkononi bila stakabadhi. Malipo ya serikali hufanyika kwa kumbukumbu namba, na utaipata hapohapo getini au ofisini kwao.

Bahari ina ratiba yake

Wakazi wengi wa Dar es Salaam huenda ufukweni kwa kufuata saa ya mkononi, kisha hulalamika kwamba walikuta maji yamekwenda mbali. Mvuvi yeyote wa Msasani au Kunduchi angewaambia mapema. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ikikaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, ambapo bahari haipandi wala haishuki sana.

Kwa pwani yetu kuna kanuni inayofaa kukaririwa. Siku za bamvua maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Kwa hiyo anayetaka kuwaonyesha watoto kaa, konokono wa baharini na samaki wadogo waliobaki kwenye madimbwi ya mwamba, achague asubuhi ya bamvua. Anayetaka kuoga aje mchana maji yakipanda. Siku za maji mafu mpangilio unageuka, na asubuhi ndiyo yenye maji. Tazama mwezi jioni kabla ya kupanga, au muulize mvuvi.

Kanuni hiyo ni ya usalama pia. Fukwe nyingi za wazi hazina waokoaji. Maji yakikupwa, watoto huenda mbali kwenye fungu la mchanga, na yakianza kurudi hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yao kabla ya fungu lenyewe kufunikwa. Mtoto anajikuta amesimama pakavu huku njia ya kurudi ina maji ya kifua. Mtu mzima mmoja awe kazi yake ni kuangalia watoto tu, bila simu, na wapokezane kila nusu saa. Kila mmoja avae yeboyebo au viatu vingine vya plastiki, kwa sababu mwamba unakata na kuna wanyama weusi wenye miiba mirefu inayovunjikia mguuni.

Sasa, wapi? Coco Beach pale Oysterbay ni ya wote na haina kiingilio, na mihogo yake ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili inatosha kuwa sababu ya kwenda. Epuka jioni za Idi na Jumapili. Jumanne saa kumi utapata nafasi ya kutandika mkeka. Kigamboni inafikika kwa pantoni kutoka Magogoni kwa nauli ndogo, au kwa gari kupitia Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Watoto watakumbuka pantoni kuliko ufukwe wenyewe, basi msiwe na haraka. Simameni juu mtazame meli zinavyoingia bandarini kupitia mlango ule mwembamba.

Siku moja ya likizo, kama mfuko unaruhusu, iwe ya kisiwani. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975. Boti za Mbudya hutoka upande wa Kunduchi, na za Bongoyo hutoka Msasani. Kuna malipo mawili tofauti, nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi. Uliza yote mawili kabla ya kupanda ili usije ukashtuka. Usipande boti bila jaketi okozi mwilini, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Miezi ya Juni hadi Septemba hali ya hewa ni nzuri kuliko yote, lakini upepo wa kusi hupiga mchana na bahari huchafuka, kwa hiyo ondokeni asubuhi na msisubiri boti ya mwisho.

Mbudya mkifika, mtaona wauzaji wanapita mabandani na beseni la samaki wabichi. Unachagua wako kwa mkono: huyu changu, huyu tasi. Papo hapo, kabla samaki hajaondoka mbele yako, patana bei kamili pamoja na chipsi au ndizi, na sema unataka kula saa ngapi, maana mafuta ni machache na oda ni nyingi. Samaki akishaingia kwenye karai, nafasi ya kupatana imekwisha. Makombe na matumbawe yaacheni hukohuko. Kuyachukua ni kosa katika hifadhi. Takataka zenu zirudi nanyi bara kwenye kikapu.

Kabla ya kurudi nyumbani kutoka Kunduchi, uliza njia ya magofu. Ni machache na hayana kelele. Kuna mabaki ya msikiti wa zamani na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo, na kwenye nguzo hizo utaona vishimo vya duara vilivyopangwa. Weka kiganja ndani yake: humo ndimo yalimopachikwa mabakuli na sahani za kauri kutoka China, zilizofika hapa kwa biashara ya jahazi. Mtoto anayesoma historia darasani ataelewa kwa dakika moja kitu ambacho kitabu kinakieleza kwa kurasa tano.

Mjini, siku ya katikati ya wiki

Katikati ya jiji hutembeleka vizuri kwa miguu kuanzia asubuhi mapema. Panda mwendokasi ushuke Kivukoni. Tazameni mnada wa samaki Feri kabla jua halijawa kali, kisha mfuate barabara ya pwani mpite Kanisa la Azania Front na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili kazi ya wakati wa Wajerumani. Karibu na hapo ipo Boma la Kale, jengo lililojengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar, na ndani yake kuna maonyesho kuhusu namna jiji lilivyokua. Panda hadi Samora mkaione Sanamu ya Askari. Ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na maandishi yake yamo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maelfu ya watu hupita pale kila siku wakiwahi daladala bila kuyasoma.

Malizieni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1893. Hapo ndipo yalipo makao ya fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus, ambalo mtafiti Mary Leakey alilikuta Olduvai mwezi Julai 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Watu hufunga safari kuvuka bahari kwa ajili ya kitu hiki. Mkazi wa Temeke anahitaji daladala mbili.

Kama watoto wenu walikuwa wamehesabu kwenda kwa babu na mwaka huu haiwezekani, wapelekeni Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama. Pale zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa ukubwa wake halisi: msonge wa Wahaya unaogusa ardhi kwa nyasi zake, tembe la Wagogo lenye paa bapa, na nyingine. Ingia ndani, msisimame nje kupiga picha tu. Baba au mama mwenye asili ya Kagera anaweza kukaa chini ya msonge ule na kuonyesha ng'ombe walilala upande gani na bibi alipikia wapi. Maelezo ya mzazi yatazidi ya mwongozaji yeyote. Ulizia pia siku za ngoma.

Msitu ulio nyuma ya Gongo la Mboto

Ukitaka baridi kidogo na harufu ya majani, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi iko kusini magharibi mwa jiji, upande wa Kisarawe, mwendo wa kilomita 30 hivi. Daladala za Kisarawe zinapita Gongo la Mboto. Ni mabaki ya misitu ya asili ya pwani ambayo zamani ilienea katika ukanda huu, na ina mimea na ndege wasiopatikana sehemu nyingi duniani. Inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na ni lazima kulipia na kupewa mwongozaji, jambo ambalo ni la busara kwa kuwa njia za msituni hupoteza.

Mwambie mwongozaji akupeleke kwenye mapango. Si mapango ya asili. Ni mahandaki yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe laini unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri. Popo wamejaa humo, na jioni jua likizama hutoka kwa mkupuo mmoja mrefu. Tochi ni lazima, suruali ndefu ni lazima, na mwenye pumu abaki nje. Njiani mtapita Pugu Sekondari. Enzi za ukoloni iliitwa Mtakatifu Fransisko, na Mwalimu Nyerere alifundisha hapo hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili ashike kazi ya TANU.

Usiku mmoja Bagamoyo

Kulala nje hata usiku mmoja kunabadilisha likizo nzima. Akili inakubali kwamba mmeondoka. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kaskazini, basi dogo linatoka kituo cha Makumbusho, na nyumba za wageni zipo za kila mfuko. Nenda Jumatatu asubuhi urudi Jumanne. Wikendi vyumba vinajaa, ila Jumatatu mwenye nyumba atakusikiliza ukimwomba apunguze.

Kosa la wengi ni kutaka kuona kila kitu kwa saa nne. Chagueni viwili, mkae. Mimi ningechagua Kaole kwanza, kilomita tano hivi kusini mwa mji, asubuhi. Kuna misikiti miwili ya mawe ya matumbawe, mmojawapo unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu. Simama kati ya magofu utafute bahari: huioni. Mji huu ulikuwa bandari, lakini tope lilijaa na mikoko ikaota mbele yake, biashara ikahamia Bagamoyo. Mwongozaji atakupeleka kwenye kisima na kwenye mbuyu, na hadithi zake ni nzuri. Msikilize hadi mwisho.

Cha pili ni Misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868, na makumbusho yake. Hapo ndipo mwili wa mmisionari David Livingstone ulipopumzishwa mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Na hapo ndipo mtakapoiona historia nzito ya mji huu, wa misafara ya pembe za ndovu na watu waliouzwa. Msiwafiche watoto. Wakubwa waulizeni wanafikiri nini mkiwa mnarudi kwa miguu kupitia mji mkongwe. Jioni teremkeni pwani kwenye mnada wa samaki, wakati mashua zinarudi.

Morogoro kwa treni

Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya reli ya kisasa inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, na mwendo ni chini ya saa mbili. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 13,000. Kata tiketi mapema kwa mtandao, beba kitambulisho, na ufike stesheni ukiwa na muda wa kutosha kwa sababu mizigo inakaguliwa. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo weka akiba ya bajaji au daladala.

Unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo, ila nashauri mlale. Asubuhi panda Uluguru kuelekea Morningside, nyumba ya enzi ya Wajerumani iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi. Ni kupanda kwa saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida, mkipita katikati ya mashamba na vijiji vya Waluguru, na mtakutana na akina mama wanateremka na mboga na matunda vichwani kwenda sokoni. Chukua mwongozaji mjini, viatu visivyoteleza, na sweta. Mzee mwenye magoti yanayouma abaki mjini, milima anaionea hukohuko.

Kuna sababu ya ziada ya mkazi wa Dar es Salaam kuifika milima hiyo. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka Mto Ruvu, na Ruvu unakusanya maji yake Uluguru. Mtoto akinywa maji ya kijito kilichotoka jiweni kule juu, mwonyeshe upande ilipo Dar es Salaam. Akirudi nyumbani hatauacha mfereji wazi.

Mwenye gari au kikundi cha kuchangia anaweza kuendelea hadi Mikumi, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara kuu ya Iringa inapita katikati yake. Abiria wa mabasi huona twiga na tembo kupitia dirishani. Ila kuingia rasmi asubuhi na kutulia ni jambo jingine kabisa.

Mambo machache ya kuangalia

Masika, Machi hadi Mei, si wakati wa kupanga visiwa wala milima. Tumia siku hizo kwa makumbusho. Februari na Machi joto ni kali, basi toka alfajiri na saa sita muwe kivulini. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tafuta kikapu kikubwa. Mwenye dawa za kila siku, za presha au kisukari, azibebe hata kama mnakwenda kwa saa tatu tu. Na acheni siku moja tupu katikati ya wiki, isiyo na ratiba wala mgeni, ya kulala mpaka jua lipande.

Kama hujaomba likizo ya mwaka huu, jaza fomu wiki hii. Julai na Agosti anga huwa safi na shule huwa na mapumziko kuanzia Juni, hivyo wanaoomba ni wengi na anayechelewa hupewa tarehe zilizobaki. Ukishakubaliwa, tazama mwezi utaandama lini, chagua siku yako ya bahari, na uwaambie watoto tarehe. Wao hawatakubali uiahirishe.